Kitabu cha Evert

Nilikuwa katika vyama vitatu vya wasomaji, na hakuna aliyenishika mkono kunipeleka. Kila Jumanne mchana nilikuwa maktaba, ambako kundi letu lilisoma vitabu vinene vya zamani, sura baada ya sura, wiki baada ya wiki. Jumatano mbili kwa mwezi nilikuwa kwenye ukumbi wa usharika, tukisoma habari za watu walioteseka wakapona wakaandika. Na Alhamisi ya mwisho wa mwezi kilikuwa chama chenyewe, kile tulichokianzisha mwaka 1989 tukiwa na watoto wadogo, tukikutana kwa zamu majumbani. Hicho ndicho nilichokuwa katibu wake. Kanuni zake niliziandika kwa mkono wangu.

Watu hudhani kustaafu ni kupumzika. Mimi nilikuwa na kalenda ukutani jikoni, na kila siku ilikuwa na idadi yake ya kurasa: ishirini za maktaba, thelathini za usharika, arobaini za Alhamisi. Ukishikwa na mafua siku mbili tu, siku ya tatu unazikuta mia mbili na sabini zinakusubiri. Vitabu nilivyojinunulia kwa kuvipenda vilikaa kando ya kitanda, kumi na tisa, na kila Jumamosi nilivipangusa vumbi. Kama ungeniuliza wakati ule napata raha, ningekujibu ndiyo bila kukupa nafasi ya kuuliza tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma ili nisikutwe sijasoma. Nilifundisha Kiswidi sekondari hapa Sollefteå miaka thelathini na minne, na mwalimu akikutwa hajasoma, ataweka wapi uso wake?

Mume wangu Evert hakuwa msomaji wa namna yangu. Alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme mtoni hadi alipostaafu, na akisoma alisoma magazeti, ramani, na vijitabu vya mashine. Halafu macho yakamgeuka. Ugonjwa wenyewe unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni, kwa hiyo aliweza kutembea, kumwaga kahawa, kuona theluji juu ya paa la jirani, lakini ukimtazama usoni yeye alikuona masikio tu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na sisi tukacheka, maana hatukujua la kufanya.

Agosti ile, kabla macho hayajaharibika kabisa, alinunua kitabu. Ilikuwa historia ya wasukuma magogo wa mto wetu, wale waliosindikiza miti iliyokatwa ikielea na maji hadi viwandani, imeandikwa na mwalimu mkuu mstaafu wa huko juu bondeni na kuchapwa nakala chache na chama cha historia cha kijiji. Kurasa mia nne na themanini, herufi ndogo. Cha kusikiliza hakikuwepo, na hakuna ambaye angejisumbua kukirekodi. Alisoma kurasa kumi na moja, tena kwa kioo cha kukuzia, kisha herufi zikamkimbia.

Aliniomba mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba, tukinywa chai ya asubuhi. Aliuliza kama ningeweza kumsomea, kidogo kidogo, robo saa kwa siku, nami nikasema bila shaka, ngoja Alhamisi ipite. Mara ya pili tulikuwa kwenye gari tukitoka hospitali, jicho limefungwa pamba, akasema majira haya ya giza, siku zinapokuwa fupi, yangefaa kwa kile kitabu. Nikasema nina kile cha usharika, kizito sana, nikikimaliza tu. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikiweka juu ya kitabu changu cha chama, pale pale mezani nilipokuwa naketi. Nilikiondoa, nikakiweka dirishani kando ya maua, nikaendelea.

Sikukataa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningekataa, angalau angepata jambo la kukasirikia. Nilimwahidi tu, kwa sauti nzuri, mara mbili. Baada ya hapo hakuomba tena, nami nikaona mambo yametulia.

Sasa nimwingize Ragnhild. Ragnhild alikuwa mpishi wa shule ile ile niliyofundisha, mwanamke mpana, mpole, mwenye mikono iliyopauka kwa maji ya moto. Aliingia chama cha Alhamisi kwa mlango wa nyuma, kama nilivyokuwa nasema bila aibu: dada yake alikuwa mwenzetu, akafa, na Ragnhild akaja kwenye kikao kilichofuata akiwa na kitabu cha marehemu mkononi, akakaa kwenye kiti chake. Nani angemwambia aondoke? Kwa miaka sita alikaa pale. Alisoma polepole, alikosea kutamka majina ya kigeni, na zamu yake ikifika alisema maneno mawili matatu: kwamba yule mama amemwonea huruma, au kwamba watu wa kitabu kile hawali chakula kamwe. Mimi nilimsahihisha matamshi. Wengine walitazama vikombe vyao.

Kanuni zetu hazikuwa nyingi. Kila mtu huzungumza kwa zamu, kuzunguka meza, bila kukatizwa. Asiyemaliza kitabu hazungumzi. Yeye ndiye anayehudumia kahawa siku hiyo, na jina lake linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kanuni ya sita ilisema anayekuja bila kusoma mara tatu katika msimu mmoja, wanachama watapiga kura kama abaki. Niliiandika mwaka 1991 kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa anakuja kula keki tu. Aliposikia kanuni yenyewe alijiondoa, kwa hiyo haikuwahi kutumika.

Novemba Ragnhild hakuwa amesoma. Alisema hivyo mwenyewe mlangoni, kabla hajavua koti, akaenda moja kwa moja jikoni kuwasha jiko. Desemba hatusomi, tunakunywa divai ya moto. Januari hakuwa amesoma. Februari tulikutana kwa Torborg, mwenyekiti wetu, na Ragnhild akasema tena sijasoma, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesema nje kuna baridi.

Nikamuuliza sababu. Kikanuni sikuwa na haki ya kuuliza, lakini nilikuwa na kiherehere.

"Nimekuwa na kazi nyingine," akasema.

"Kazi gani, mwenzangu? Umestaafu, huna mume, huna hata mbwa."

Siv, aliyekuwa ameketi kando yangu, alicheka kidogo. Ragnhild alinitazama, akakaa akinitazama, mpaka nikaona haya bila kujua naona haya ya nini.

"Nina kitabu kingine," akasema.

"Sisi sote tuna vitabu vingine, Ragnhild. Mimi ninavyo kumi na tisa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali, akamimina kahawa, akazunguka na maandazi ya mdalasini mpaka tulipomaliza mzunguko. Halafu mimi, katibu, nikataja kanuni ya sita. Torborg alishtuka. Alisema labda tusubiri vuli, sisi ni watu wazima, tumejuana muda mrefu. Nikamjibu kwamba kanuni isiyofuatwa ifutwe, lakini ikiwa ipo, ipo. Sisi huku tuna ugonjwa huo: mtu akishataja utaratibu, hakuna anayethubutu kuutazama usoni na kusema ni upuuzi. Torborg akamwomba Ragnhild, kwa upole sana, atutangulie kwenda nyumbani, na kwamba uamuzi utamfikia kwa maandishi. Ragnhild akavaa koti. Akashukuru kwa kahawa aliyoimimina mwenyewe.

Tulipiga kura ya siri kwa vipande vya karatasi ndani ya bakuli la sukari. Watano walitaka aondoke, mmoja alitaka abaki. Nikaandika kwenye kumbukumbu.

Na sasa niseme jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua. Kitabu cha Februari sikukimaliza. Kurasa tisini za mwisho sikuzifungua. Nilisoma maoni ya mhakiki mmoja gazetini, nikayapanga upya kwa maneno yangu, na zamu yangu ilipofika nilizungumza dakika nane juu ya ule mwisho. Siv alisema hajawahi kusikia mtu akiueleza vizuri hivyo.

Barua niliiandika Jumamosi. Ilikuwa na mistari sita, yenye adabu, ikimshukuru Ragnhild kwa miaka yake na kumtakia usomaji mwema. Ningeweza kuitia posta, lakini nilijiambia kwamba jambo kama hilo linataka kupelekwa kwa mkono. Najijua. Nilitaka kuonekana mtu mwema.

Jumanne nilipofika maktaba nilikuta karatasi mlangoni: mwongozaji wetu anaumwa, hakuna kikao leo. Saa nane kasoro robo mchana, jua linawaka juu ya theluji, na mimi nina barua mkobani. Nyumbani kwa Ragnhild si mbali, kilima kimoja tu. Nikapiga kengele mara mbili. Jirani yake Holger, aliyekuwa anapasua barafu kwenye ngazi zake, akaegemea sepetu kunitazama.

"Humpati," akasema. "Leo Jumanne."

"Jumanne huwa wapi?"

Akanikodolea macho.

"Si huwa kwako? Tangu Novemba. Mimi ndiye ninayemwagia mchanga hapa ili asianguke akitoka. Au wewe si mke wa Evert?"

Nikasema mimi ndiye mke wa Evert. Nikamshukuru. Nikashuka kile kilima, na nakumbuka nilikuwa nahesabu mambo ya kipuuzi njia nzima: wana umri gani, nani alikuwa mzuri zamani, kwa nini mashati yake siku hizi yamepigwa pasi. Nilikuwa na miaka sabini na mmoja na nilikuwa na wivu wa msichana. Laiti ungekuwa wivu tu, ningeweza kuubeba.

Nilifungua mlango wa nyumba yangu taratibu, kama mwizi. Buti za Ragnhild zilikuwa kwenye mkeka, zimepangwa sawasawa. Sebuleni kulikuwa na sauti inasoma. Ilisoma polepole, neno moja moja, lakini haikukwama popote, na majina ya sehemu za mto iliyatamka kama watu wa kule juu wanavyoyatamka, si kama mimi. Nilivua buti moja. Nyingine sikuwahi kuivua.

"Walioshuhudia ni watatu," Ragnhild alisoma, "na wote watatu waliniambia neno moja, kila mmoja peke yake. Hakuwa amelewa. Asubuhi ile alikuwa amekunywa maziwa na kula mkate nyumbani kwa mama mwenye nyumba. Magogo yalikuwa yamesongamana tangu juzi, na yeye alikataa mara mbili kwenda katikati, akisema barafu ya juu haijatulia. Mara ya tatu msimamizi alimwambia kama anaogopa, aende nyumbani, na asirudi. Alikuwa na mtoto wa miaka minne. Akaenda."

Nikamsikia Evert.

"Soma tena hapo. Hapo kwenye maziwa."

Akasoma tena. Maziwa, mkate, mama mwenye nyumba. Na mume wangu akalia. Nimeishi naye miaka arobaini na sita, tumezika mama zetu, tumezika mtoto mmoja, na sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti. Kwa mtoto wetu alitoka nje akapasua kuni. Sasa alikuwa analia sebuleni kwangu mbele ya mpishi wa shule, na mimi nimesimama ukumbini na buti moja mguuni.

Yule wa magogo alikuwa baba yake Evert, na nilichokijua juu yake ni hiki: alikufa kazini Evert akiwa mdogo. Nilikuwa nimeuliza zamani, tukiwa wachumba, akasema nyumbani kwao jambo hilo halizungumzwi. Nikaona ni ustaarabu kutouliza tena. Sikujua kwamba kampuni ilisema alikuwa mlevi. Sikujua kwamba mama yake hakupewa kitu kwa sababu hiyo, wala kwamba shuleni walimwita mtoto wa mlevi, wala kwamba hiyo ndiyo sababu hajawahi kuonja pombe, hata divai yetu ya moto ya Desemba, ambayo kila mwaka nilimtania nayo mbele ya wageni.

Nikaingia. Ningefanya nini? Ragnhild alikuwa kwenye kiti changu, miwani puani, kitabu kimejaa vipande vya karatasi alivyoweka alama. Alisimama. Evert hakugeuka, alijua hatua zangu.

"Umerudi mapema," akasema.

Nikasema kikao kimevunjika. Nikauliza, kwa sauti ya mwalimu, kwa sababu sikuwa na nyingine, mambo haya yalianza lini. Ragnhild ndiye aliyejibu. Baada ya kikao cha Oktoba hapa kwetu alisahau bati lake la keki, akaja kulichukua Jumanne moja, akamkuta Evert dirishani na kioo cha kukuzia, jasho linamtoka, anajaribu kusoma ukurasa wa kumi na mbili. Akajitolea.

"Basi ndiyo hicho kitabu kingine," nikasema.

"Ndicho. Mimi nasoma polepole, Gunvor, unajua. Nikisoma kwa mara ya kwanza nakwama kwama, naye angechoka. Kwa hiyo nakibeba nyumbani, nasoma sura mara mbili tatu peke yangu, halafu Jumanne ndiyo namsomea. Wiki inaisha. Cha chama sikukipatia nafasi."

Nakibeba nyumbani. Yaani tangu Novemba kitabu kile hakikuwa ndani ya nyumba yangu isipokuwa Jumanne, kwa muda wa saa mbili tatu. Kitabu nilichokuwa nimeahidi kukisoma. Kila asubuhi nilimwagilia yale maua ya dirishani, na sikuwahi kuona kwamba kando yake pamebaki patupu.

"Ungesema," nikamwambia. "Alhamisi ile ungesema tu."

Akamtazama Evert, kisha akatazama chini.

"Aliniomba nisiseme. Hakutaka ujisikie vibaya."

Hapo bahasha ilikuwa mkononi mwangu. Sijui niliitoa lini mkobani. Nilitaka kuirudisha, nikachelewa, na jina lake lilikuwa juu kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

"Hiyo ni yangu?" akauliza.

"Si kitu. Itabadilishwa."

"Nipe tu. Siv ameshanipigia simu." Akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sweta. "Nitaisoma nyumbani."

Akakusanya miwani yake, akafunga kitabu, akamwambia Evert wameishia ukurasa wa mia nne, na kwamba sura inayofuata ni ile ya mgomo, ina majina mengi. Evert akamwambia asante, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akaondoka na kitabu kwapani. Nilimsikia akivaa buti mlangoni, akichukua muda wake.

Nilikaa kwenye kile kiti, bado kina joto. Nje jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

"Nilikwambia mara tatu."

"Hukusema ni cha baba yako."

"Ningesema, ungekisoma kwa sababu ya baba yangu. Nilitaka ukisome kwa sababu nimekuomba." Alisema bila ukali. Ningependa angekuwa mkali. "Jamaa wa kituoni aliniambia baba yumo. Hakujua ukurasa, nami sikutaka kurukia. Nilitaka tufike huko wote, tukijua mto unavyokwenda."

Nikamwambia zimebaki kurasa themanini. Nikamwambia nitamsomea mimi, kuanzia kesho, kila siku, vyama vyote naviacha. Nilikuwa nasema kweli. Nadhani nilikuwa nasema kweli.

"Hapana, Gunvor."

"Kwa nini hapana?"

"Ragnhild anawajua watu wote wa mle. Nani ndugu wa nani, nani alimsaliti nani. Wewe itabidi nikueleze."

"Nieleze basi."

Alinigeuzia uso wake kando kidogo, kama anavyofanya anapotaka kuniona.

"Nimechoka," akasema. "Na jambo moja jingine, usikasirike. Jumanne usibaki nyumbani. Nenda maktaba kama kawaida. Ragnhild anaogopa kusoma mbele yako."

Sikukasirika. Nilikwenda jikoni, nikasimama mbele ya kalenda. Jumatano ilikuwa na thelathini zake. Nikachukua kitabu cha usharika nikasoma thelathini, na kama ungenishika shingo siku ile ile kuniuliza zilihusu nini, nisingekuambia.

Machi, kwenye kikao cha Alhamisi, niliomba kura ile ifutwe. Nilieleza yote, hata kurasa zangu tisini. Nilipofika kwenye kurasa tisini wakacheka, Siv akanipiga begani akasema acha utani, yaani mimi, Gunvor, nisimalize kitabu. Walidhani najishusha ili kumpandisha Ragnhild. Torborg akasema kumbukumbu za Februari zimeshathibitishwa na kutiwa saini, ila vuli tunaweza kumwalika upya kama mwanachama mpya, kwa utaratibu. Nikampigia Ragnhild kumwambia. Aliniacha nimalize, akasema ni vizuri wamefikiria hivyo, lakini hatarudi. Amegundua anapenda kusoma kitabu kimoja kwa muda mrefu. Nikamwomba msamaha. Akasema tayari amenisamehe. Nikataka kumwomba, Evert akishamaliza, aniazime kile kitabu, lakini sikuweza kutoa neno. Ni kitabu cha mume wangu, kilinunuliwa kwa pesa za nyumba yangu, na mdomo ulikataa kabisa.

Kwa hiyo Jumanne nne mfululizo nilivaa koti saa saba mchana. Evert aliniambia kwaheri kutoka kwenye kiti chake, shati limepigwa pasi. Katika njia ya kwenda kituo cha basi nilipishana na Ragnhild, tukasalimiana, tukasema juu ya barafu kwamba inaanza kulainika. Maktaba nilikaa na kundi langu, na zamu yangu ilipofika nilisema kidogo. Mwongozaji aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nafikiria sura ya mgomo. Nilikuwa najaribu kukisia nani alimsaliti nani.

Jumanne ya nne ilikuwa ya mwisho. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimegawanya themanini kwa ishirini za kila Jumanne. Nilirudi saa kumi kama kawaida, nikavua buti zote mbili, nikaingia sebuleni. Ragnhild alikuwa amekwisha kwenda. Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa juu ya taulo. Evert alikuwa ameketi dirishani, mikono magotini, uso wake umetulia kwa namna ambayo sijaiona tangu tuwe vijana. Kitabu hakikuwepo popote. Alisema amempa Ragnhild, kiwe chake, maana huyo anataka kukisoma tena tangu mwanzo.

Nikakaa. Nikamuuliza kimeishaje.

"Vizuri," akasema. Kisha akaniuliza kama basi lilikuja kwa wakati.